Mizani ya Darajani

Kwanza nikueleze mto, maana wageni huudhania mkubwa.
Ramani imeuchora kwa wino mnene, mwekundu,
lakini mwezi wa pili Tiau hunifika magotini,
na bata wa jirani yangu Hrangthanga huuvuka mara tatu kwa siku
bila kibali, bila picha, bila alama ya kidole.

Mimi napima popoo.
Magunia hutoka ng'ambo, upande wa Bama,
mabegani mwa vijana walioikosa shule
kisha wakakikosa kila kilichofuata.
Tunapima usiku. Mchana tunauza kabichi.
Askari wa kizuizini anajua, nami najua kwamba anajua.
Ana mtoto mwenye pumu na mshahara unaofika ukichechemea.
Gunia la kumi hupita kwa jina lake.
Usiniulize kama hiyo ni rushwa au ni ujirani:
penye mizani yangu hivyo viwili vina uzito mmoja.

Barabara? Kuna kibao.
Kibao kinasema itakamilika; mwaka ukafutwa,
ukaandikwa mwingine, nao ukafutwa,
hata sasa pale pana rangi nene
kuliko lami yote tuliyowahi kuiona.
Mvua zikianza, mlima hushuka barabarani ukakaa kitako.
Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa machela ya mianzi,
siku mbili, wanaume wanane wakipokezana.
Lakini vigingi vya uzio,
hivyo vilifika kwa wakati.
Mpimaji alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vipya.
Kimoja alikipigilia katikati ya mboga za mama
akaziomba radhi mboga.
Kaburi la bibi limebaki kule. Jiko lake liko huku.

Ndege zilipoanza kukitapikia moto kijiji cha Thangkima,
ndugu yangu wa tumbo moja, aliyeoa ng'ambo,
hakuna aliyeuliza mto ni wa nani.
Walikuja na kuku, na godoro;
mtu mmoja alikuja na mlango,
mlango mzima, na bawaba zake.
Thangkima hakuja.
Wapo wasemao yuko msituni na bunduki,
wapo wasemao anavusha pikipiki za Kichina.
Mama humpakulia sahani kila jioni,
halafu hunisogezea mimi: "Kula, chakula hakitupwi."

Usiku wa tano alinijia Ngun Tial,
tenga mgongoni, mtoto kifuani.
"Nipimie."
Nikamwambia sinunui vyombo.
"Siuzi. Nataka kujua tu nimebeba kilo ngapi."

Kichwa cha cherehani: kumi na tatu.
Mtoto: tisa na robo.
Aliukodolea macho mshale, akanitaka nirudie, nikarudia.
Akacheka kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Njia nzima," akasema, "nilidhani mzito ni huyu."

Asubuhi ofisa wa darajani alikuja na daftari la safu mbili:
bidhaa zilizoingia, bidhaa zilizotoka.
Akaandika: cherehani, moja.
Akamtazama mtoto.
Kalamu ikazunguka hewani kitambo,
kisha akafunga daftari, akaniomba chai.

Sasa Ngun Tial anashona midomo ya magunia yangu,
rupia mbili kila mdomo.
Shule imekuwa kambi, kambi imekuwa mtaa.
Watu wanasema wakimbizi wamepandisha bei ya mchele,
na kweli imepanda,
na wanaosema ndio wanaouuza.

Kila mwisho wa mwezi humkalisha mtoto kwenye sinia la mizani.
Jana: kumi na nusu.
Mimi sina daftari la serikali.
Nimeandika ukutani kwa mkaa, chini ya deni la askari,
mahali ambapo paa likivuja maji hayafiki.